Mama mdogo hutulia akiwa na mimba, akijifungua tu ugonjwa unarudi. Ni homoni au ni nini?

#1 MtoWami
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho.

Mama mdogo wangu alianza kuugua akili akiwa na miaka 27. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Akaanza kusikia watu wakimsema ukutani, akakataa maji ya kisima kwa kuwa majirani wametia kitu. Hospitali wakasema skizofrenia, akaanzishiwa dawa. Hadi hapo ni habari anayoijua kila aliyewahi kuuguza.

Sasa sikilizeni. Baada ya ugonjwa kuanza amezaa watoto watatu. Mimba zote tatu, kuanzia mwezi wa nne hivi, alitulia. Anasuka, anakwenda kwaya, anacheka. Mimba ya pili alikuwa ameacha dawa kabisa, na bado akatulia. Akijifungua, hazipiti wiki tatu sauti zimerudi. Kwa mtoto wa tatu alitoka naye usiku wa siku ya tisa, tukamkuta alfajiri kituo cha basi, mtoto kamfunga kwa kitenge, hana kiatu. Leo ana miaka 49, hedhi imekoma mwaka jana, na dawa yake, olanzapini, iliyomshika miaka minane haimshiki tena.

Bibi anasema ni mzimu wa upande wa babu, unaheshimu mimba. Mjomba anasema ni deko. Mimi nimechukua daftari nikapanga tarehe zote, nikaona zinafuata mwili wake: mimba, uzazi, kukoma hedhi. Homoni za uzazi zinaweza kuendesha ugonjwa mkubwa namna hii? Au ninaona njia mahali ambapo hakuna njia?

#2 SindanoTaratibu
Mdogo wangu, pole kwa kuuguza. Nina miaka kumi na sita wodi ya magonjwa ya akili, na unachoeleza nimekiona kwa macho.

Mimba ikiwa kubwa, estrojeni, homoni ya kike, inapanda kwa kiwango ambacho mwili haukijui wakati mwingine wowote, na kiwanda chake kikubwa ni kondo la nyuma. Kondo likitoka, estrojeni na mwenzake projesteroni zinaporomoka ndani ya siku chache. Dawa za ugonjwa huu kama haloperidoli zinafanya kazi kwa kuzuia dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe, isipokelewe kwenye ubongo. Estrojeni nayo inaonekana kuigusa dopamini hiyohiyo, ndiyo maana wapo watafiti wanaoihesabu kuwa kinga ya asili.

Tazama umri. Profesa Heinz Häfner na wenzake wa Mannheim, Ujerumani, walionyesha kwamba wanaume wengi huanza kuugua skizofrenia mapema, kati ya ujana na miaka 25. Wanawake huchelewa kwa miaka kadhaa, halafu wana mwinuko wa pili, mdogo, kwenye miaka 45 hadi 50, estrojeni inapokauka. Wewe umeandika 27 na 49. Daftari lako si la bure.

Ila nikurekebishe sehemu moja: si wote wanaotulia wakiwa wajawazito. Nimepokea wajawazito waliozidiwa, na wengi wao walikuwa wameacha dawa.

#3 KijanaKisauni
Salaam kutoka Mombasa. Kaka yangu alianza na miaka 19, akiwa kidato cha nne. Dada yetu wa kumfuata akaanza na 31, tayari ana mume na duka. Mama husema ugonjwa ulimsubiri dada amalize kujenga kwanza. Nikisoma #2 naona huenda mama alikuwa anasema kitu kikubwa kuliko alivyojua.

#4 MwalimuHesabu
Dada Sindano, takwimu za umri nazikubali, tafsiri bado. Mvulana wa miaka 19 akiugua anavunja vyombo, mtaa mzima unajua, analetwa na polisi. Binti wa umri huohuo anajifungia chumbani, watu wanasema ana haya, anaolewa, na tunagundua akiwa na 28. Hapo umeandika umri wa kufika hospitali ukauita umri wa kuugua. Ongeza na bangi, ambayo vijana wa kiume huanza mapema zaidi.

Halafu tafiti kadhaa za India hazikuliona pengo hilo la wanaume na wanawake. Na penye ugonjwa unaorithiwa sana katika ukoo, pengo hupungua au linatoweka. Kama estrojeni ni ngao, kwa nini itoboke penye ukoo wenye ugonjwa?

#5 SindanoTaratibu
Mwalimu, Häfner hakuhesabu tarehe ya kulazwa. Walikaa na wagonjwa na ndugu wakatafuta dalili ya kwanza kabisa, hata kama ilianza miaka kabla ya hospitali, na pengo likabaki. Hilo la ukoo ni kweli, yeye mwenyewe aliliona. Nalielewa hivi: mafuriko yakiwa makubwa, tuta dogo halizuii.

#6 BiArobaini
Wanangu, hamjambo. Mnataja majina makubwa, mimi nitaje jambo dogo. Usingizi.

Zamani mzazi hakuachwa peke yake siku arobaini. Anakandwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga, mtoto akilia usiku anabebwa na bibi yake. Leo binti anajifungua, kesho yake anarudishwa chumba kimoja, mume yuko safarini, mama yake yuko kijijini, hana wa kumshikia mtoto aoge. Siku ya tano hajafumba macho. Ubongo gani utakaovumilia? Homoni zimeshuka kwa bibi zetu vilevile, lakini walikuwa na watu.

#7 KarafuuKavu
Bi Arobaini umenigusa. Huku Unguja mke wangu alikaa kwa mama yake arobaini nzima, akandwa, akapumzishwa, na siku ya sita akaanza kusema mtoto si wake, amebadilishwa na jini. Watu walikuwepo wa kutosha. Tulimwita sheikh amsomee, akasoma, kisha akatuambia mbele ya wazee: mpelekeni hospitali leo hii, kisomo kitaendelea hukohuko. Alilazwa wiki tano akapona. Sipingi arobaini, nasema kwetu haikutosha.

#8 BiArobaini
Pole mwanangu. Ila hujasema kama alikuwa analala.

#9 KarafuuKavu
Hapana, hakuwa analala. Alikuwa anapiga pasi nguo za mtoto saa nane za usiku na kusema hajisikii kuchoka.

#10 SindanoTaratibu
Hapo ndipo penye fundo. Kutolala huko huwa chanzo, na pia huwa dalili ya kwanza ya ugonjwa ambao tayari umeingia. Mzazi anayekosa usingizi kwa sababu mtoto analia ni jambo moja. Mzazi ambaye mtoto amelala, yeye yuko macho ana nguvu za ajabu, huyo mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Saikosisi, yaani akili kupoteza uhalisia, ya baada ya kujifungua huwapata wanawake 1 hadi 2 katika kila wazazi 1,000, nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mfaransa Louis-Victor Marcé aliiandikia kitabu kizima mwaka 1858. Mwaka 1987 watafiti wa Edinburgh, Uskochi, walitoa hesabu za wanawake waliolazwa kwa magonjwa ya akili kabla na baada ya kuzaa: wakati wa mimba idadi iko chini, mwezi wa kwanza baada ya uzazi inaruka juu ghafla. Mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hatari yake hufika mmoja katika watano. Nawaomba wenye dada, mke au binti mwenye baipola walijue hili kabla ya siku ya kujifungua, wapange na daktari mapema.

Habari njema ni kwamba inatibika. Huko Rotterdam, Uholanzi, waliwatibu wanawake 64 kwa hatua: dawa ya usingizi kwanza, kisha dawa ya saikosisi, kisha lithiamu. Karibu wote walitulia.

#11 TabibuKituoni
Dada Sindano, naomba usinipite haraka. Mimi ni tabibu wa kituo cha afya, nakutana na hawa kabla hawajafika kwako. Kwetu kabla ya kusema homoni, pima joto, pima damu, pima malaria, pima presha, uliza kama kondo lote lilitoka. Mwaka jana niliitwa kwa mama "aliyechanganyikiwa baada ya kuzaa", ndugu wameshamfunga kamba. Joto 39.6, kipande cha kondo kimebaki, usaha. Tukamsafisha, tukampa antibiotiki, siku ya nne anauliza nani kamfunga mikono. Watafiti wa Muhimbili waliandika kuhusu hili mwaka 2002: wagonjwa wao wengi wa saikosisi ya uzazi walikuwa na upungufu wa damu na maambukizi. Hesabu za Edinburgh ni za Edinburgh.

Na tezi ya shingo nayo hupata misukosuko baada ya uzazi. Na kuna ugonjwa uliotambuliwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007, kinga ya mwili inashambulia ubongo, mara nyingi kwa wasichana wenye uvimbe kwenye ovari. Kwa nje ni kichaa kitupu. Uvimbe ukitolewa na kinga ikitulizwa, wengi wanarudi.

#12 SindanoTaratibu
Tabibu, nakubali bila ubishi. Nilianzia wodini kwangu na kusahau mlango wa mbele.

#13 ChumaKizito
Mbona mnazungumza kama homoni ni za wanawake tu? Mwenzetu wa mazoezi alikuwa anajidunga sindano za kuongeza misuli, zile za jamii ya testosteroni, mbili tofauti kwa wakati mmoja na dozi kubwa. Mwezi wa tatu akawa halali, anaongea bila kituo, akauza pikipiki kwa laki mbili akisema amepata mkataba Ulaya. Akampiga mlinzi. Kwao hakuna mgonjwa wa akili hata mmoja. Alipoziacha akaanguka upande wa pili, akawa hataki kuishi. Tulimlinda kwa zamu. Vijana wa gimu mnaosoma, ulizeni kilichomo kwenye chupa.

#14 KijanaKisauni
Chuma, leo umekuja na la maana, siku zote unakuja kutuhesabia vyuma 😄 Mwenzako yuko vipi sasa?

#15 ChumaKizito
Yuko salama, anafundisha kuogelea. Asante kwa kuuliza.

#16 DawaKabatini
Mfamasia hapa. Mmeangalia homoni zikigusa ugonjwa, hakuna aliyegusa dawa zikigusa homoni, na hilo ndilo ninaloletewa dirishani kila wiki.

Haloperidoli, risperidoni, na sindano ya mwezi ya Modecate hupandisha prolaktini. Hiyo ndiyo homoni ya maziwa. Ikipanda, hedhi inakata, na wengine wanatoa maziwa bila kuwa na mtoto. Mwanamke anadhani ana mimba, au mumewe anamshuku, au mama mkwe anasema dawa zinafunga kizazi. Anaziacha kimya kimya, baada ya miezi miwili amelazwa. Hakuambiwa tu. Hali hii hurekebishika: daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza aripiprazoli ambayo hushusha prolaktini. Wanaume nao wanapata, wanapungukiwa nguvu za kiume na hawasemi.

Prolaktini ikiwa juu, ovari zinalala na estrojeni inashuka. Kama estrojeni kweli ni ngao, basi dawa inamsaidia mgonjwa kwa mkono mmoja na kumvua ngao kwa mwingine.

MtoWami, kuhusu olanzapini. Kimeng'enya cha ini kinachoivunja hupunguzwa kasi na estrojeni na huongezwa kasi na moshi wa sigara. Hedhi ikikoma, kimeng'enya kinaweza kufanya kazi zaidi na dawa ikapungua kwenye damu, ingawa anameza kidonge kilekile. Kwa hiyo si lazima ugonjwa uwe umebadilika, huenda ni kiasi cha dawa kinachofika. Akapimwe, msiongeze wenyewe.

Mengine kwa haraka, kuhusu dawa za kifafa ambazo hutumika pia kwa baipola: karbamazepini hudhoofisha vidonge vya majira na vijiti. Estrojeni ya vidonge hushusha lamotrijini. Valproeti inaweza kuharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto tumboni, msichana asipewe bila kuelezwa. Hakuna cha kuacha ghafla hapa, nendeni mkaongee na daktari.

#17 MtoWami
Mungu wangu. Hakuna aliyewahi kutuambia habari ya olanzapini na kukoma hedhi. Naandika.

#18 NdegeMwema
Sasa si apewe vidonge vya uzazi wa mpango? Estrojeni imo mle. Tatizo limekwisha.

#19 DawaKabatini
Hapana, mkuu. Usimshauri mtu hivyo. Ana miaka 49, vidonge vile vina hatari ya kugandisha damu, zaidi akiwa na presha au akivuta sigara.

Estrojeni kama nyongeza ya dawa imejaribiwa, ila kwa kiraka cha kubandika kwenye ngozi. Profesa Jayashri Kulkarni wa Melbourne, Australia, ndiye aliyelishikilia jambo hili. Mwaka 2008 alitoa jaribio la wanawake 102 waliobandikwa kiraka juu ya dawa zao za kawaida, na dalili zilipungua kuliko kwa waliobandikwa kiraka kitupu kisicho na dawa. Mwaka 2015 akarudia kwa dozi mbili, na matokeo yakaelekea hukohuko. Halafu Moldova, 2019, wanawake 200: kiraka kilisaidia, ila hasa kwa waliozidi miaka 38.

Tena kuna raloksifeni, dawa ya mifupa inayojifanya estrojeni sehemu fulani za mwili. Majaribio mengine yaliisifu, lakini kwa wanawake waliougua sana ilishindwa, wenye kidonge kitupu wakawa na nafuu kuliko wao. Na mwanamke mwenye kizazi akipewa estrojeni peke yake kwa muda mrefu anaongezewa hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi, hivyo huongezewa projestojeni, homoni ya jamii ya projesteroni. Ni kazi ya bingwa wa akili na bingwa wa wanawake wakikaa meza moja.

#20 KitengeChekundu
Nimesoma kimya tangu asubuhi, nimeshindwa kunyamaza.

Mimi nina baipola. Kila mwezi, siku nne kabla ya hedhi, mawazo yanaanza kukimbia, nasikia jina langu kwenye redio. Siku ya pili ya damu naamka mzima. Nilianza kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka, miezi kumi na moja. Nikampelekea daktari. Akacheka, akasema wanawake wote wana hasira siku hizo. Hasira! Nilikuwa nasikia jina langu kwenye redio iliyozimwa.

Kwa hiyo nataka homoni zitajwe. Lakini ninaziogopa pia, kwa sababu kazini siku nikipinga jambo kikaoni wanaulizana kama niko "siku zangu". Neno hilohilo ambalo ningependa daktari alichukue kwa uzito, bosi wangu analitumia kunifunga mdomo. MwalimuHesabu, ukidai ushahidi, kumbuka wapo ambao ushahidi wao ulichekwa.

#21 MwalimuHesabu
Dada Kitenge, samahani kwa yaliyokupata. Kalenda ya miezi kumi na moja ni ushahidi ambao ningeupokea kwa mikono miwili.

#22 SindanoTaratibu
Kitenge, hauko peke yako. Krafft-Ebing, daktari wa akili wa Ulaya, aliandika kuhusu saikosisi inayofuata hedhi mwaka 1902. Tafuta daktari mwingine, nenda na kalenda hiyohiyo.

#23 WakiliMtarajiwa
Niongeze la sheria, maana linahusu wale wasiowahiwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 199, na ya Kenya kifungu cha 210, zinasema mama aliyemuua mtoto wake aliye chini ya miezi 12 wakati akili yake imeyumba kwa athari za kuzaa au za kunyonyesha, hahesabiwi kuwa muuaji wa kawaida. Maneno yanafanana na sheria ya Uingereza ya 1938. Huko Ulaya zamani waliamini maziwa hupanda kichwani.

#24 TabibuKituoni
Sheria imelenga mahali sahihi kwa sababu ambayo huenda si sahihi. Leo wanaoshuku homoni wanaangalia kuporomoka kwake, si maziwa.

#25 SindanoTaratibu
Na hata kuporomoka kunawapata wazazi wote, wengi wao hawaugui. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Bloch na wenzake, waliwapa wanawake wasio na mimba homoni kama za mimba, kisha wakazikata ghafla. Nane waliwahi kuugua sonona ya uzazi, nane hawajawahi. Watano katika wale nane wa kwanza walidhoofika moyo tena, wa kundi la pili hakuna hata mmoja. Homoni kiwango kilekile. Kinachotofautiana ni ubongo unaozipokea.

#26 MwalimuHesabu
Watu kumi na sita! Hata kikoba cha mke wangu kina watu wengi kuliko hao.

#27 BiArobaini
Mwalimu, ungewapata wapi mia wa kukubali kufanyiwa vile?

#28 MtoWami
Narudi wakuu, asanteni. Jana jioni nilimsomea mama mdogo uzi wote, maana ni habari yake na nilikuwa nimeianika bila kumuuliza. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema niandike haya kama alivyoyasema:

"Mimba ya pili sikuacha dawa. Niliwaambia nimeacha kwa sababu mama mkwe alikuwa anasema zitamlemaza mtoto. Nilikuwa nameza jikoni mkishalala. Nilipojifungua ndipo nilipoacha kweli, niliogopa maziwa. Na ule usiku wa kituo cha basi nilikuwa na siku nne sijalala. Mtoto alikuwa halii. Alikuwa analala vizuri sana."

Nimekaa na daftari langu sijui nianzie wapi.

#29 MwalimuHesabu
Basi mimba ya pili itoke kwenye ushahidi wa ngao. Kutulia kule kunaweza kuwa dawa. Na kurudi kwa ugonjwa kunaweza kuwa kuacha dawa.

#30 DawaKabatini
Kwa mimba ya pili, sawa. Muulize kwa heshima kuhusu ya kwanza na ya tatu. Na la sasa la hedhi kukoma halijaguswa na hilo.

#31 SindanoTaratibu
Mtoto halii, na mama hajalala siku nne. Mwambie nimemsikia.

#32 BiArobaini
Mimi nimesikia mwanamke aliyekuwa anameza dawa kwa kujificha jikoni kwake mwenyewe, mwanamwali mwenye mimba, nyumba imejaa watu. Hao ndio watu niliokuwa nawasifu pale juu. Mpe salamu zangu.

#33 MtoWami
Nimempa. Kuhusu mimba ya kwanza anasema alikuwa anameza nusu, ya tatu alimeza zote hadi siku ya uchungu na akaendelea hata baada ya kuzaa, hadi siku ile ya tisa. Kliniki ni Alhamisi. Daftari amelichukua yeye, amefungua ukurasa mpya na anaandika tarehe upya kwa mkono wake.